Ndama wa Mkwajuni wapewe punda awafundishe

Mvua za Novemba zikikaribia, mkulima wa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, humtazama dume wake na kujiuliza kama atakubali nira. Mara nyingi hakubali. Kwa desturi ya vijiji vingi vya wafugaji nchini, dume huachwa machungani hadi afikishe miaka miwili au mitatu bila kuonja kamba. Siku ya siku hukamatwa, hufungwa pembe na kuangushwa chini, kisha huanza wiki kadhaa za kuvuta gogo huku akirusha mateke na kuchapwa.

Hata akiingia shambani bado anataka watu watatu: mmoja ameshika plau, wa pili anaswaga kwa kiboko, wa tatu anavuta kamba mbele. Huyo wa mbele kwa kawaida ni mtoto. Januari shule zinapofunguliwa, mashamba bado yanalimwa.

Ipo njia ya upole zaidi, na mwalimu wake ni punda. Wafugaji wa ng'ombe wa Marekani wanaitumia kuwazoesha ndama hatamu. Zamani, kwenye milima na vichaka vya kusini-magharibi mwa nchi hiyo, walimfunga ng'ombe mkaidi shingo kwa shingo na punda, wakawaacha porini. Punda alijua nyumbani kuna nafaka inamsubiri. Alirudi, na ng'ombe akarudi naye.

Kwa ndama, kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Punda mtulivu huvishwa mkanda mpana shingoni, ndama huvishwa hatamu, na kati yao huwekwa kamba fupi yenye kiungo kinachozunguka ili isijisokote. Iwe na urefu wa kuwawezesha wote wawili kufikisha midomo kwenye majani, lakini isilegee kiasi cha kunasa miguu. Ndama hukita kwato na kuvuta nyuma. Punda hapigi kelele wala hakasiriki. Anapanua miguu na kusimama. Akipata kiu, anaelekea majini. Ndama akigoma, hatamu inambana kisogoni. Akipiga hatua moja mbele, inalegea papo hapo. Mkono wa binadamu ni nadra kufikia usawa huo. Mtu huvuta kwa hasira, huchelewa kulegeza, au huachia kamba wakati usiofaa, na ndama akajifunza kwamba ukaidi unalipa.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Kumbukumbu la Torati 22:10, panapokatazwa kulima kwa ng'ombe na punda pamoja. Katazo hilo lina mantiki hata kwa fundi wa nira, kwani maksai husukuma nira kwa mabega na nundu, ilhali punda huvuta kwa kifua. Hapa hakuna plau wala mzigo. Wanyama hao wanatembea, wanakula na kunywa pamoja.

Hata hivyo, punda wetu ni wadogo; wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 150 hivi. Kumfunga na dume wa miaka mitatu ni kumtesa. Anayefaa ni ndama aliyeachishwa ziwa, mwepesi kuliko punda. Wasiachwe bila mtu wa kuwaangalia, wafunguliwe usiku, na shingo ya punda ikaguliwe kila jioni. Mkanda ukichubua, kazi isimame. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda punda kama inavyomlinda ng'ombe, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ulisitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mnyama aliyeokolewa kutoka machinjioni asije akaharibiwa na kamba ya mfugaji mzembe.

Ukanda huu si mgeni kwa elimu ya wanyamakazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Songwe ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya, mradi uliofadhiliwa na Kanada ulihimiza kilimo cha maksai, na kiwanda cha Zana za Kilimo Mbeya kikatengeneza plau. Plau zimeenea. Malezi ya mnyama atakayezivuta hayajapewa uzito kama huo, na hilo ni kosa linalolipwa na mtoto anayekimbia mbele ya maksai wasiomjua.

Maofisa mifugo wa wilaya wanaweza kuanza na punda wawili watatu na ndama wachache, kati ya Juni na Septemba, mavuno yakiwa yameingia na wafugaji wana nafasi. Mafunzo yawe karibu na josho, mahali ambapo kila mtu hupita na ng'ombe wake. Wafugaji waone kwa macho yao, wapime, wakosoe. Nao wenye punda nyumbani wasingoje semina: watafute mkanda mpana na ndama mmoja, waanze msimu huu wa kiangazi.