Dalali anaisoma namba ya gari vizuri kuliko kompyuta yenu

Na Rehema Kizigo

Muulize dalali wa magari hapa Dar es Salaam kuhusu gari lolote, hatakusomea namba nzima. Atakwambia, "Hiyo namba D," au "Namba E hiyo, bado mbichi." Mnunuzi ameshaelewa. Usajili wetu ni T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na hiyo D au E ndiyo ya kwanza kati ya hizo; tarakimu zikiisha, herufi ya mwisho inasogea na tarakimu zinaanza upya. Anayetaka kujua gari limesajiliwa lini huanzia kwenye zile herufi tatu, tarakimu baadaye.

Kompyuta haina habari hiyo. Namba ikiandikwa yote ndani ya kisanduku kimoja cha kanzidata, mashine huipanga kuanzia kushoto, alama moja baada ya nyingine. Tuseme kuna T 110 EAB na T 980 AKM. Itatanguliza ya kwanza kwa sababu 1 iko kabla ya 9, ingawa ya pili ilitoka miaka mingi nyuma. Hapo mashine haina kosa. Kosa ni la aliyebuni kisanduku.

Basi anaitwa fundi, naye anakuja na dawa ya mkato: futa kila kisicho tarakimu, kinachobaki ndiyo namba. Ni mstari mmoja tu wa msimbo. Kanzidata ya PostgreSQL inauweza, na ya MySQL nayo tangu toleo la 8.0 lililotoka mwaka 2018. Kwa T 110 EAB unapata 110, hakuna aliyeumia. Peleka dawa hiyohiyo kwenye daftari la ardhi. Kiwanja 45/2 Kitalu C kinageuka 452, na huenda 452 ni kiwanja cha mtu mwingine kabisa. Mkwaju uliokuwa unatenganisha namba mbili umefagiliwa pamoja na herufi, na kama hamkutunza maandishi ya awali, hakuna wa kuurudisha.

Halafu kuna karani aliyegonga herufi O mahali pa sifuri. Kwa macho yetu T 1O5 na T 105 ni kitu kimoja. Kwa kompyuta, katika orodha ya alama za ASCII, sifuri ni 48 na O kubwa ni 79. Ukifagia herufi, 1O5 inakuwa 15, kimyakimya, bila onyo lolote. Wakenya hawatumii O kwenye namba za magari yao, na nadhani ni busara. Ila wao wana mtego mwingine: KDA 005B ikitenganishwa na tarakimu zikahifadhiwa kama hesabu, inabaki 5. Sifuri za mbele zimekwenda, kama zinavyopotea kwenye namba za simu kila siku. Namba ya gari haijumlishwi wala haigawanywi. Tarakimu zake zihifadhiwe kama maandishi.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule Marekani, aliandika makala iliyoweka msingi wa kanzidata tunazotumia leo. Moja ya kanuni zilizotokana na kazi yake ni kwamba kila kisanduku kibebe thamani moja. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado tunanunua mifumo inayomwachia karani kisanduku kimoja kirefu aandike apendavyo: T110EAB leo, t 110eab kesho. Wiki ijayo gari lile lile linatafutwa na halionekani.

Kwa hiyo ninyi wa maegesho, wa gereji, wa SACCOS zinazokopesha bodaboda: kabla ya kumlipa fundi, mwambieni atenge visanduku vitatu, cha herufi za mbele, cha tarakimu na cha herufi za nyuma, kila kimoja kikatae kisichokihusu. Na cha nne kitunze namba kama ilivyoandikwa mara ya kwanza, asikiguse mtu. Akisema atazitenganisha baadaye, tafuteni fundi mwingine.