Nani atasimama kwa ajili ya jina lako?



Kila mwisho wa mwaka wa masomo hutujia vijana baada ya Misa, bahasha mkononi, wakiomba barua ya kuwashuhudia mbele ya mwajiri. Karibu wote hutanguliza neno moja: katika mji wa Goma hakuna kazi bila kujuana. Hulisema kwa uchungu kama watu wanaotaja dhambi ya wengine, na papo hapo hutuomba sisi tuwe hao wa kujuana nao. Hatuwacheki. Sisi pia, tulipotoka katika chuo cha ualimu, tulipata darasa letu la kwanza kwa sababu mwalimu mmoja mzee alimwambia mkurugenzi wa shule: huyu namfahamu, anafika mapema.

Hatukubaliani na wale wanaolaani kila kujuana. Mji huu umesimama juu yake. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye serikali ikaamuru mitaa mingi ihamwe, watu waliokimbilia Sake, Bukavu na Gisenyi waligonga milango ya wanaowajua, na wanaowajua wakagonga kwa niaba yao milango ya wengine. Mwanzoni mwa mwaka 2025 benki zilifunga milango, na mwaka huo huo misaada ya Marekani iliposimamishwa, vijana wengi waliokuwa wakifanya kazi katika mashirika ya misaada walirudi nyumbani mikono mitupu. Tuliwaona walioanza tena upesi. Si wote waliokuwa na diploma kubwa. Wengi walikuwa na watu waliowahi kuwaona wakifanya kazi, na waliokuwa tayari kuwakopesha mzigo wa kwanza kwa neno la mdomo tu.

Swali letu basi ni kujuana kwa namna gani. Hapa tunamtaja mwenyeji wa mji wetu, Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Mzigo wa mchele ulioharibika ulipoletwa, wenye mzigo walimpa fedha ili auache upite. Alikataa. Ikaja mikazo kutoka kwa watu wenye nguvu. Akakataa tena. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025.

Habari hiyo mnaijua. Tunaomba mtazame upande wake usiosemwa sana. Floribert alikuwa na mitandao miwili ya watu. Mmoja ulikuja na kazi yake: wafanyabiashara, wakubwa, watu wa mpakani, waliotaka awe mwenzao wa kufumba macho. Wa pili aliujenga mwenyewe kwa miaka: marafiki wa Jumuiya ya Sant'Egidio, aliosali nao na kuwahudumia pamoja nao watoto wa barabarani katika Shule ya Amani. Fedha zile zilipotolewa, alikuwa na mtu wa kumweleza. Mtawa mmoja daktari, rafiki yake, alilitolea ushuhuda jambo hilo. Kijana anayeingia katika ofisi bila rafiki wa namna hiyo atawasikiliza wale wa kwanza peke yao, kwa kuwa hakuna sauti nyingine inayomfikia. Na yule aliyempatia kazi kwa upendeleo siku moja atarudi kudai. Atakuja na gari la mchele, au na karatasi ya kutiwa sahihi, naye kijana atakuwa na deni.

Kuhusu barua, tuna jambo la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita baba mmoja tunayemheshimu alituomba tumwandikie mwanawe. Hatukumfahamu kijana yule. Tulimwona tu kanisani siku za sikukuu. Tuliandika hata hivyo kwamba ni mwaminifu na mwenye bidii, kwa kuwa tuliona haya kumnyima baba. Shule iliyompokea ilimkabidhi ada za wanafunzi. Baada ya muhula mmoja alitoweka nazo. Mwaka uliofuata tulimwandikia barua binti mmoja ambaye tulifundisha naye katekisimu kwa miaka minne, ambaye hakukosa hata Jumamosi moja ya mvua. Mkuu wa shule ile ile aliisoma barua yetu, akaikunja, akamrudishia. Binti alilipa deni ambalo sisi tulikopa.

Mtume Paulo naye aliandika barua za namna hiyo. Alipomkabidhi Foibe kwa Wakristo wa Roma alitoa sababu: mama huyo alikuwa amewasaidia wengi, na Paulo mwenyewe akiwemo. Alishuhudia alichokiona. Katika orodha ile ile wamo Prisila na Akula, ambao Paulo aliwajua kule Korintho kwa sababu walikuwa mafundi wa mahema kama yeye. Walishona pamoja kwanza.

Nanyi mtatuambia kwamba siku hizi mambo yako katika simu. Ni kweli, na hatuidharau simu. Fundi mmoja wa viti wa mtaa wa Katindo huweka katika WhatsApp picha ya kila kiti anachokimaliza, na bei yake, basi. Wateja wake sasa wanatoka hata Bukavu. Kijana mwingine alituonyesha makundi kumi na manne aliyomo, na katika yote hajawahi kusema neno isipokuwa siku aliyotuma wasifu wake kwa watu mia tatu, saa sita za usiku, bila salamu. Mwandikie mtu mmoja, mchana. Jitambulishe, sema nani alikupa namba yake, omba jambo moja dogo: dakika kumi za kukueleza kazi yake. Ukijibiwa, shukuru, na baada ya mwezi mmoja mwambie ulifika wapi, hata kama hukufika popote. Watu wengi husahauliwa na wale waliowasaidia, na anayerudi kushukuru hukumbukwa. Anayekudai fedha za kufungua faili ili upewe kazi ni mwizi, hata akitumia nembo ya shirika kubwa.

Tena jambo moja, ambalo linatuumiza. Katika makundi hayo hayo mnapitisha maneno ya kutukana makabila, hasa katika miezi hii ya vita. Mnadhani yanapita kama moshi. Kuna mtu anayahifadhi. Siku moja atakaa upande wa pili wa meza unapoomba kazi, au kitanda kando ya kitanda chako hospitalini, na atakuwa wa kabila lile.

Sisi sasa hatuandiki barua kwa mtu ambaye hatujafanya naye kazi walau msimu mmoja: katekisimu, kwaya, usafi wa kanisa, kuhesabu magunia ya Caritas. Wazazi wengine wamechukizwa. Tunavumilia.

Yule binti alipata kazi baadaye. Akina mama wa likirimba ya mtaa wake, ambao aliwatunzia daftari la hesabu bila malipo kwa miaka miwili, walimpeleka wenyewe kwa mwenye duka la dawa, watatu kwa pamoja, bila karatasi yoyote. Hajatuomba barua nyingine.