Lozi Mbili za Ubongo na Njia ya Maskani



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu (SAW), wiki hii tumeazimia kulijibu swali ambalo akina mama wa Magogoni na mitaa jirani wamekuwa wakituletea kwa sura mbalimbali, aghlabu kwa sauti ya chini, darsa likishamalizika na wenzao wakiwa washaondoka. Swali lenyewe ni hili: mwana alikuwa akitumia unga. Akapelekwa nyumba ya matibabu, akakaa miezi, akarudi amenawiri, ameshika swala, tena ameapa kwa msahafu kuwa hatarudia. Siku ya tatu, au ya kumi, akatumwa dukani, akapita pale pale alipokuwa akikaa na wenzake, na jioni akaingia nyumbani macho yamelegea. Je, kiapo kile kilikuwa cha uongo? Je, amefanyiwa kitu? Au ni imani iliyo haba?

Jawabu letu ni kuwa huenda mwana aliapa kwa ukweli mtupu, na akaanguka vilevile. Wanavyuoni wa kale hawakuliona jambo la namna hii kuwa geni. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akaeleza humo kuwa nafsi nayo hupatwa na maradhi kama upatwavyo mwili, na kwamba kila kimoja humwathiri mwenziwe. Yeye hakuwa na mitambo ya kuutazama ubongo. Leo mitambo hiyo ipo, na yaliyoonekana humo yafaa kujulikana na kila mama mwenye mwana wa hali hii.

Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kwa kina katika usawa wa panja, vimo vifungu viwili vidogo vya chembe za neva. Mabingwa wa Ulaya waliviita amigdala, neno la Kiyunani lenye maana ya lozi, kwa sababu ya umbo lake. Waarabu nao huviita kwa jina la lozi, neno lile lile tulilolipokea sisi kwa ile tunayoitia katika haluwa. Basi nasi tutasema lozi, wala hatutahitaji jina jingine.

Mwaka 1937, katika mji wa Chicago, Heinrich Klüver na Paul Bucy waliwaeleza kima waliotolewa sehemu za ubongo zenye lozi hizi. Kima wale walipoteza hofu; hata nyoka, ambaye kima wa kawaida humkimbia, wao walimsogelea kumchunguza. Baadaye Joseph LeDoux wa New York, kwa kuchunguza panya, akaonyesha kuwa habari ya hatari hufika kwenye lozi kwa njia mbili: moja ya mkato, ya haraka na isiyo na ufafanuzi, na nyingine ndefu, inayopitia sehemu za ubongo zinazopambanua. Ndiyo maana mtu akanyagapo mpira wa maji gizani huruka kwanza, kisha ndipo atambue kuwa si nyoka. Nabii Musa (AS), alipoiona fimbo yake ikitikisika mithili ya nyoka, aligeuka akakimbia, na hakuna Muislamu atakayethubutu kusema kuwa imani yake ilikuwa haba. Hofu ile ni maumbile.

Lozi hujifunza, na hujifunza upesi. Panya akisikizishwa mlio kisha akapigwa na umeme kidogo, baada ya mara chache mlio peke yake humtosha kuganda kwa hofu. Wanadamu nasi tu hivyo. Mnamo tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafariki watu 272. Sisi wa Kisauni tuna daraja la Nyali, lakini nani kati yetu hana jamaa Likoni au Mtongwe? Mtu aliyeyaona yale hastahiki kuchekwa akitokwa na jasho kwa harufu ya dizeli na mlio wa king'ora cha feri, japo miaka imepita. Lozi yake ilishika somo siku moja, na somo hilo halina haja ya kurudiwa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Lozi si ya hofu peke yake. Hujifunza kheri na starehe kwa namna hiyo hiyo. Katika mwezi wa Ramadhani, adhana ya Magharibi ikisikika tu, mate hujaa kinywani kabla tende haijagusa ulimi. Adhana si chakula, ila imefungamanishwa na chakula. Lozi hushika alama inayotangulia kitu kizuri, kisha hupeleka habari kwenye sehemu za ubongo zinazomsukuma mtu kuinuka na kukifuata. Katika kazi hiyo hushirikiana na kemikali iitwayo dopamini. Wolfram Schultz, alipokuwa akifanya utafiti Uswisi, aliona kuwa chembe za dopamini za kima huwaka mwanzoni anapoonja maji ya matunda. Lakini akishazoea kuwa taa hutangulia maji hayo, chembe zile huwaka kwa taa, si kwa maji tena. Na taa ikiwaka kisha maji yasije, hunyamaza kwa ghafla, kama mtu aliyevunjwa moyo.

Unga huingia katika mpango huu kama mwizi mwenye ufunguo. Chakula kikizoeleka, dopamini hutulia. Unga hauipi nafasi ya kutulia: kila mara huifurisha kwa nguvu za dawa yenyewe, hata ubongo ukaambiwa kila siku kuwa jambo hili ni kubwa kuliko ulivyotarajia, lishike. Na kinachoshikwa si unga tu. Lozi hushika ukuta uliokaliwa, uso wa rafiki, karatasi ya fedha, saa ya alasiri, na noti iliyokunjwa mkononi. Basi mama anayempa mwanawe aliyerudi jana shilingi 500 na kumtuma duka lililo jirani na maskani, amempa kwa mkupuo mmoja alama tatu au nne, bila kujua. Kabla akili haijafikiri, mwili umeshaanza kuelekea. Vijana wenyewe hutwambia kuwa hata tumbo huanza kuwasokota kama wenye arosto, ilhali miezi imepita pasina kutumia.

Mama atauliza: na ile miezi ya matibabu ilikwenda wapi? Hapa pana somo kubwa kutoka kwa panya wale wale. Panya aliyefunzwa hofu katika sanduku moja, akipelekwa sanduku la pili na kusikizishwa mlio mara nyingi bila umeme, hutulia. Lakini akirudishwa sanduku la kwanza, hofu hurudi. Somo la kwanza halikufutwa. Lilifunikwa na somo la pili, na somo la pili limefungamana na mahali lilipofunzwa. Hivyo hivyo kwa tamaa. Kijana aliyekaa miezi sita mbali amejifunza utulivu kule. Hajajifunza utulivu hapa Magogoni, kwenye kichochoro hiki, mbele ya wenzake hawa.

Kinyume chake nacho kimeonekana. Mtafiti wa Marekani, Lee Robins, aliwafuatilia askari waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Takriban mmoja kati ya kila watano wao alikuwa amekuwa mtumwa wa dawa hizi huko vitani. Serikali yao ilitarajia maafa. Lakini katika mwaka wa kwanza wa kurejea, ni kiasi cha 5 kwa mia tu ya waliokuwa watumwa ndio waliorudi utumwani. Zipo sababu zaidi ya moja, lakini kubwa kati yake ni kuwa waliiacha nyuma nchi yenye alama zote: joto, kambi, wenzao wa kuvuta. Vijana wetu hali yao ni ya kugeuzwa. Wao hupona ugenini, wakarejeshwa vitani.

Kwa hivyo tunanasihi, na wala si kwa dharau ya kiapo, kwamba miezi ya mwanzo baada ya matibabu kijana akae kwa ami yake au khali yake mtaa mwingine, ikiwezekana. Ikiwa haiwezekani, abadilishiwe njia, asipewe pesa mkononi, na ada ya safari ilipwe kwa simu. Apitapo karibu na maskani apite na mtu. Haya si masharti ya jela.

Ama tabu ya tatu ni dhiki ya moyo. Lozi ndiyo ipigayo kengele ya hatari, na kwa amri yake tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo kortisoli. Kwa dakika chache ni rehema. Kwa miezi ni sumu. Ushahidi mmoja ulitoka hapa hapa Kenya. Mwaka 1989 ilichapishwa habari ya tumbili waliokuwa kifungoni katika Taasisi ya Utafiti wa Wanyama Jamii ya Nyani, Nairobi. Baadhi yao walikufa wakiwa na vidonda vya tumbo, na wengi wa waliokufa walikuwa wale wanyonge wanaoonewa na wenzao. Bongo zao zilipotazamwa, sehemu ya kumbukumbu ilionekana imeharibika. Na mwaka 2002, watafiti wa Bangalore, India, walionyesha kuwa panya akidhikishwa kwa siku nyingi, sehemu hiyo ya kumbukumbu husinyaa matawi yake, huku matawi ya lozi yakistawi. Maana yake, dhiki huipunguza kumbukumbu na kuikuza kengele.

Mmoja wa walioshiriki katika uchunguzi wa tumbili wale ni Robert Sapolsky, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akiwafuata nyani wa Maasai Mara. Katika kundi moja, miaka ya 1980, madume wakali waliokuwa wakigombania mabaki kwenye jaa la hoteli ya watalii walipata kifua kikuu wakafa. Wakabaki madume wapole na majike. Kundi likapoa. Madume wageni waliokuja baadaye kutoka makundi mengine wakaifuata adabu waliyoikuta, na miaka mingi baadaye hata wale wa daraja la chini hawakuwa na dalili za dhiki zinazoonekana kwa wanyonge wa makundi mengine. Tumetaja nyani, na hatumfananishi mwana wa Adamu na mnyama. Lakini nyumba iliyopoa ni nyumba iliyopoa.

Dhiki ni miongoni mwa mambo yanayomrudisha kijana kwenye unga kwa haraka. Akiitwa teja na mwizi asubuhi na jioni, mbele ya dada zake na jirani, kengele hulia mchana kutwa, na yeye anajua dawa moja tu ya kuinyamazisha. Hatusemi kuwa wizi usisemwe. Sufuria iliyouzwa imeuzwa, na haki ya mwenye sufuria iko pale pale. Lakini yasemwe mara moja, faraghani, kisha yaishe.

Wapo wanaotuuliza juu ya methadoni, na wapo wenzetu wanaosema kuwa ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sisi rai yetu ni kinyume. Methadoni hunywewa kwa kipimo mbele ya muuguzi, huzuia arosto, na kwa kipimo sahihi haimleweshi aliyezoea. Humpa kijana utulivu wa kutosha ili somo jipya limwingie. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza mwaka 2011. Kenya ilianza Mathari mwishoni mwa 2014, kisha Malindi mwaka 2015, na Kisauni nako kliniki ipo. Hii ni tiba, na kumzuia mgonjwa tiba kwa dhana si katika uchaji.

Jambo moja akina mama walishike sana. Kijana aliyeacha kwa miezi mwili wake umepoteza mazoea. Akirudia kwa kipimo alichokuwa akitumia zamani, kipimo hicho chaweza kumuua. Akikutwa anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imekuwa ya kijivu au ya samawati, na haamki kwa kutikiswa, asimwagiwe maji wala asinyweshwe maziwa, kwani yatampalia. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali hapo hapo, wala pasiwe na kuona haya. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayorudisha pumzi, ikiwahiwa.

Na kuhusu kile kiapo: aliyeapa kisha akavunja, kafara yake ni kuwalisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza hufunga siku tatu. Mama akimsaidia chakula hicho, kwa idhini ya mwana mwenyewe, yafaa. Tunaomba tu asiapishwe tena kila anapoteleza. Asubuhi aulizwe amelala vipi, na leo atapita njia gani.

Wabillahi tawfiq.