Muuzaji wa banda, sema mbwa alikufa na nini

Na Zuhura Kombo

Wiki hii tangazo la aina ileile limepita tena kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu: “Banda la mbwa, mabakuli mawili na mnyororo, bei maelewano.” Watu waliuliza bei na ukubwa. Hakuna aliyeuliza mbwa mwenyewe yuko wapi.

Swali hilo lingetangulia. Parvo, ugonjwa uliojitokeza duniani mwaka 1978, huua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu. Mbwa akishazikwa, virusi hubaki. Kwenye nyufa za mbao, kwenye tandiko, hata kwenye uchafu ulioganda chini ya bakuli, vinaweza kudumu miezi mingi. Mtoto mpya akilazwa humo huugua ndani ya siku chache, na mwenyewe anamlaumu aliyemuuzia mbwa, kumbe ugonjwa ulikuja na banda.

Wengi tunategemea sabuni na spiriti. Kwa distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, vinafaa, maana virusi vyake vina utando wa mafuta unaoyeyuka. Virusi vya parvo havina utando huo, kwa hiyo spiriti haiviwezi.

Kinachoviweza ni jiki, ikitumiwa kwa utaratibu. Kwanza sugua chombo kwa sabuni na maji mpaka kinyesi na matope yote yatoke, kwa sababu uchafu huimaliza jiki nguvu. Kisha changanya mililita 100 za jiki na lita 2 za maji, siku hiyohiyo ya kutumia. Lowesha chombo, kikae kibichi dakika 10, suuza, anika juani. Usichanganye jiki na dawa ya choo. Hutoa gesi ya sumu.

Utaratibu huu unafaa chuma, plastiki ngumu na bati. Mbao zilizopasuka, godoro na kamba hunyonya ugonjwa hadi ndani. Vitu hivyo, kama mbwa alikufa kwa parvo, haviuziki wala havigawiwi bure. Viteketezwe.

Chanjo nayo haina mbadala: ianze wiki ya 6 hadi ya 8, irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyopanga, mpaka mtoto apite wiki ya 16.

Lakini jukumu la kwanza ni la muuzaji, kwa kuwa ndiye pekee anayejua kilichotokea ndani ya banda lile. Kuficha ni kuuza ugonjwa. Nawe mnunuzi, muulize mbwa alikufa na nini. Asipokujibu, usinunue.