Hasira Hasara Haitoshi Kuandikwa Daftarini

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari hapa Tanzania kwa miaka mingi, na iko siku moja ya kusahihisha ambayo haijanitoka moyoni. Swali lilikuwa jepesi: kamilisha methali. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliandika kwa mwandiko wa kupendeza, "Hasira, hasara." Nikampa alama yake. Mchana wa siku ile ile, kwenye foleni ya chakula, alimpiga mwenzake kwa sahani ya bati akamvunja jino. Alipoletwa ofisini nikamwambia, "Mwanangu, si wewe mwenyewe uliyeandika kwamba hasira hasara?" Machozi yakamlengalenga. Akasema, "Niliandika, mwalimu. Lakini alivyonicheka mbele ya watu, ningefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Akarudishwa nyumbani wiki mbili, nami nikabaki na karatasi yake yenye alama ya vema.

Ndugu msomaji, ni swali la kijana yule linalonifanya nishike kalamu leo. Vijana wetu tunawafundisha majina ya mambo mema, kisha tunawaadhibu kwa kutoyatenda, na katikati hatuwaonyeshi namna ya kuyatenda. Mtoto wa pwani hafundishwi kuogelea kwa kukariri maana ya kuogelea. Hutiwa majini, mkubwa amemshika tumbo, mpaka viungo vyake vijue. Kuzuia hasira, kukataa ushawishi, kuomba radhi na kuomba msaada ni mambo ya namna hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitaja stadi kumi za maisha ambazo kijana anazihitaji: kufanya maamuzi, kutatua matatizo, fikra bunifu, fikra tunduizi, mawasiliano, mahusiano mema, kujitambua, kuhisi aliyo nayo mwenzio, kuhimili hisia na kuhimili msongo. Wako wanaozisikia wakadhani ni bidhaa ya kigeni. Sivyo. Wazee wetu walikuwa na jando na unyago, na kijana aliyebalehe alikabidhiwa mtu maalumu. Tazameni lugha yetu inavyotukumbusha. Neno "somo" ni mafundisho, na kwa watu wa pwani "somo" ni pia yule mwanamke amfundaye mwari, ambaye mwari humwendea na siri yake hata baada ya kuolewa. Sisi tumebaki na somo la daftarini, tumempoteza somo wa chumbani. Sisemi turudishe yote ya zamani, kwani mengine yalikuwa ya kuumiza, na ukeketaji hauna nafasi tena miongoni mwetu. Nasema tulibomoa nyumba nzima kwa sababu ya chumba kibovu, na vijana wakalala nje.

Mtaniambia kuwa stadi za maisha zimo shuleni. Ni kweli, zilikuwamo katika mada za Uraia. Lakini mwanafunzi aliulizwa nini? Eleza maana ya stadi za maisha. Taja faida zake tano. Na aliulizwa kwa Kiingereza! Mtoto anayegombana kwa Kiswahili, anayelia kwa Kiswahili na kuota kwa Kiswahili, tulimtaka ajifunze kutuliza moyo wake kwa lugha ambayo hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani kulimtoa jasho. Matokeo yake alikariri, akafaulu, na moyo wake ukabaki haujaguswa.

Kenya imelipa bei ya kukosekana kwa stadi hizi. Machi 2001 moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, wakafa wavulana 67. Wachunguzi walisema moto ule ulitiwa makusudi, na wanafunzi wawili wakafikishwa mahakamani. Mwaka 2008, mwaka wa machafuko yaliyofuata uchaguzi, Kenya ikaandaa stadi za maisha kuwa somo lenye kipindi chake katika ratiba. Lilikuwa jambo jema. Lakini halikutahiniwa, na somo lisilotahiniwa tunajua linavyotendewa: kipindi chake huazimwa na Hisabati, na hakirudishwi.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuwape vijana maneno. Waulize leo wanajisikiaje, utaambiwa "poa" au "nimevurugwa", basi. Ilhali lugha yetu ina hasira na ghadhabu, uchungu na kinyongo, huzuni na simanzi, wivu na husuda, haya, aibu na fedheha. Kila moja lina dawa yake. Haya humzuia mtu kabla hajakosea. Fedheha humwangukia mbele ya macho ya watu. Mwenye kinyongo huhitaji kusema na aliyemkosea, na mwenye simanzi huhitaji wa kukaa naye. Baadaye nilikuja kujua kwamba kijana wangu alichekwa kwa ajili ya viatu vyake vilivyotoboka. Wote tulisema ana hasira. Kumbe alikuwa na fedheha, na hakuna aliyewahi kumfundisha jina lake.

Pili, tuwafanyishe mazoezi. Kipindi kimoja kwa juma, dakika arobaini, madawati yakae duara, Kiswahili kizungumzwe. Msichana mmoja aigize anatoka shule, mwingine awe dereva wa bodaboda anayempa lifti ya bure kwa siku ya tatu mfululizo. Aseme "hapana" kwa sauti, dereva amshawishi tena, aseme tena, na wenzake wamsaidie maneno mpaka yamkae mdomoni. Mvulana asimame aseme "nisamehe" bila kuongeza "lakini". Mwingine ajifunze kumwendea mwalimu na kusema, "Nyumbani hali si nzuri, naomba unisikilize." Maneno haya ni mazito kwa asiyeyazoea. Ni afadhali yamshinde darasani kuliko yamshinde gizani.

Najua pingamizi. Wako wasemao hii ni kazi ya wazazi. Naam, ni ya wazazi kwanza. Lakini mwanafunzi wa bweni hulala shuleni sehemu kubwa ya mwaka, na mama auzaye gengeni hurudi usiku amechoka. Mtoto akiwa na wazazi wawili wa kumlea, nyumbani na shuleni, atapungukiwa nini?

Wako pia wasemao fimbo inatosha. Kenya iliiondoa shuleni mwaka 2001. Kwetu kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au kwa idhini yake, nasi tunajua mipaka hiyo inavyovukwa. Nami nilichapa, sijitoi. Lakini nimekuja kuona kwamba mtoto anayechapwa na mtu aliyekasirika hujifunza jambo moja kwa ukamilifu: mwenye hasira na nguvu hupiga. Alilofanya kijana wangu kwenye foleni ya chakula alikwisha kutuona tukilifanya mstarini.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, somo hili linaanza na sisi. Mwalimu aliyeghadhibika na akasema mbele ya darasa, "Nimekasirika, nitatoka nje kidogo, nikirudi tutazungumza," amefundisha kuliko kurasa ishirini. Wakuu wa shule, mchagueni mwalimu wa malezi ambaye wanafunzi wenyewe humkimbilia, msimchague kwa sababu ana vipindi vichache. Wazazi, kabla hamjauliza "umekuwa wa ngapi?", ulizeni "leo umekaaje na wenzako?", kisha nyamazeni msikilize. Nanyi mliokabidhiwa mitaala, kilindeni kipindi hiki kisiazimwe, na msikifanye mtihani wa kutaja faida tano.

Swali la yule kijana lilinikuta mikono mitupu, na aliondoka pale ofisini bila jibu langu. Leo ningemwambia hivi: Mwanangu, ungeweka sahani chini. Ungesema, "Umenifedhehesha, na imeniuma." Ungetoka kwenye foleni uje kwangu, hata kama chakula kingepoa, nami ningekusikiliza. Si maneno mengi. Lakini mtu hayasemi kwa mara ya kwanza siku anapochekwa mbele ya shule nzima. Lazima awe ameyasema mara nyingi kabla, mahali pa salama, mbele ya mtu anayemtakia heri. Mahali hapo palikuwa darasani kwangu, na mtu huyo nilikuwa mimi.