Vijana wetu wa mbio za magari wasife barabarani kabla ya kufika uwanjani

Wiki chache zilizopita nilimwona mpwa wangu amesimama kando ya barabara, pale Golini, mikono kichwani. Kigari chake cha mbio kilikuwa kimelala shambani kwenye mihogo, bado kimefungwa juu ya tela. Walikuwa wakiteremka kutoka Kwale kuelekea Kombani, wakivutwa na stesheni wagoni ndogo ya kuazima. Tela ilianza kuyumba, ikaisukuma gari ya mbele hadi dereva akashindwa kuidhibiti. Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia.

"Mjomba," akaniambia, "injini ilikuwa na nguvu ya kutosha. Hata mlima tulipanda vizuri."

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Tangu Safari Rally irejee katika mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, vijana wa Ukunda, Diani na Msambweni wamepata hamu mpya. Wananunua Starlet kuukuu, wanaondoa viti, wanachomelea vyuma vya kinga. Lakini mashindano mengi ya autocross hufanyika bara, Nairobi na viunga vyake, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Pesa zote zimeishia kwenye gari, na la kulivuta linatafutwa usiku wa kuamkia safari.

Tupige hesabu. Starlet ina uzito wa kama kilo 850. Tela ya chuma ya kubeba gari, ikiwa tupu, hufika kilo 500 au 600. Ongeza tairi za akiba, jeki na vifaa, unakaribia kilo 1,600. Probox, kipenzi cha wengi wetu, ina uzito wa kilo 1,050 hivi. Kupanda itapanda. Kuteremka ndiko kwenye balaa, kwa sababu mzigo ni mzito kuliko kinachouvuta, na breki zilitengenezwa kusimamisha gari moja tu.

Ushauri wangu ni huu: kinachovuta kiwe kizito kuliko kinachovutwa. Kwa mfuko wa mtu wa kawaida, hiyo ni pikapu ya dizeli ya zamani, Hilux au Isuzu, ambayo vipuri vyake na mafundi wake wako hapa hapa Ukunda. Usiangalie rangi. Angalia chesi, breki, klachi na mfumo wa kupoza injini, maana kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi unapanda zaidi ya mita 1,600.

Kwa upande wa tela, jihadhari na zile za kushushia mashua. Huku kwetu ni nyingi na bei yake inavutia. Lakini zimezoea kuingia maji ya chumvi, hivyo beringi huliwa na chuma huoza kwa ndani huku rangi ya juu ikimeremeta. Gonga kwa nyundo kabla ya kutoa pesa. Hakikisha ina breki zake yenyewe, taa zinazowaka na mnyororo wa usalama. Ukipakia, sehemu moja kati ya kumi ya uzito iegemee ndoano. Mzigo ukielemea nyuma, tela huyumba, na nadhani ndiyo yaliyomkuta mpwa wangu.

Tela pia husajiliwa na NTSA na kupewa nambari yake yenyewe. Muulize wakala wako wa bima, kwa maandishi, kama bima ya gari inaifikia tela.

Njia nayo imebadilika. Zamani ilikuwa lazima upite feri ya Likoni, na maji yakipwa, mteremko wa kuingilia huwa mkali hadi ndoano inakwaruza chini. Sasa barabara ya Dongo Kundu inatutoa Kibundani hadi Miritini bila kuvuka kwa feri. Kisingizio kimepungua.

Je, kila kijana anunue pikapu na tela? La. Anayeshindana mara mbili au tatu kwa mwaka ni afadhali akodi Canter. Au vijana wanne, watano wachange wanunue tela moja nzuri, wakodi pikapu siku ya safari. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na kwa serikali ya kaunti na shirikisho la mbio za magari nchini, ombi langu ni moja: tupeni uwanja wa autocross huku kusini. Ardhi tambarare ipo, watazamaji wapo, hoteli zinalia msimu mbaya. Uwanja ukiwa karibu, vijana hawatalazimika kuvuta tela hadi Nairobi.

Mpwa wangu ameuza ile tela kama chuma chakavu. Kigari bado kipo uani kwangu, kimefunikwa turubai, kinasubiri wenzake wachange.