Mzee Akiamua Kukimbia

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi, umri ukishapita miaka 50 na daktari akishatamka maneno "shinikizo la damu" au "kisukari", mambo hufuata mojawapo ya njia mbili. Ama jamaa humketisha mzee barazani kama chungu kilichopata ufa. Ama mzee mwenyewe, kwa kuona haya, huuficha ugonjwa wake na kujitosa katika mazoezi ya vijana. Njia zote mbili zina hasara. Leo tuitazame njia ya tatu, hasa kwa yule anayetamani mbio au matembezi ya siku kadhaa mfululizo.

Tuanze na barabara tunayoijua. Msafiri atokaye Musoma kwenda Mwanza hupita Bunda, Lamadi na Magu. Na akifika Lamadi aweza kupinda kuelekea Dutwa na Bariadi. Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa na umri wa miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Safari hiyo ya kilometa 220 hivi ilichukua siku 8. Ukigawanya utaona kuwa kila siku ilipewa, kwa wastani, kilometa 27 au 28. Hilo ndilo somo la kwanza: katika safari ya siku nyingi, nguvu za leo zina deni la kesho.

Somo la pili latoka mbali. Mwingereza Ranulph Fiennes, msafiri mashuhuri wa nchi za barafu, alipatwa na shtuko la moyo mwezi Juni 2003, akiwa na umri wa miaka 59. Alipoteza fahamu kwa siku 3, akafanyiwa upasuaji wa moyo. Kabla mwaka haujaisha, yeye na mwenzake Mike Stroud, ambaye ni daktari, walikimbia marathoni 7 kwa siku 7 katika mabara 7. Ile ya Afrika ilikuwa Cairo. Mwaka 2015, akiwa na miaka 71, alimaliza mbio za siku kadhaa katika jangwa la Sahara nchini Moroko. Hata hivyo, tusimwige kwa kila jambo. Mwaka ule wa 2003 daktari alimwonya mapigo ya moyo yasizidi 130 kwa dakika, naye alisimulia baadaye kwamba kifaa cha kuyapimia alikisahau nyumbani! Bahati ya mtu mmoja si kanuni ya afya.

Kwa nini siku nyingi ni ngumu kuliko siku moja? Misuli iliyochoka huhitaji usingizi, chakula na maji ili ijengeke upya, na kadiri umri unavyosonga ndivyo kazi hiyo inavyokwenda polepole. Misuli ikiumia sana, mabaki yake huingia katika damu na kuyalemea mafigo. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza maji mwilini. Nyingine hupunguza kasi ya moyo, hata mapigo yasiwe kipimo cha kutegemewa. Mwenye kisukari atumiaye insulini, sukari yake yaweza kushuka usiku, saa nyingi baada ya kukimbia.

Basi tuseme wewe ni mtu wa Dutwa ufanyaye kazi Mwanza, nawe umekusudia kukimbia wakati wa likizo kutoka Lamadi hadi Bariadi, kilometa 70 hivi, kwa siku 3, ukipita kwenu. Mwone daktari kwanza, umweleze kilometa, siku na dawa zako. Anza mazoezi miezi kadhaa kabla, ukitembea na kukimbia kwa zamu. Siku ya safari ondoka alfajiri. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kutweta, punguza mwendo. Usimeze dawa za maumivu ili uendelee, kwani zaweza kuyadhuru mafigo ya mtu aliyepungukiwa maji. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kutweta hali umepumzika, au mkojo wa rangi ya kahawa: hizo ni amri za kusimama na kwenda hospitali mara moja.

Nanyi jamaa, msimfiche viatu. Mfuateni kwa baiskeli mkiwa na maji, myajue majina ya dawa zake, na mkubaliane naye kabla ya kuondoka ni nani atakayekuwa na haki ya kumwambia, "Baba, basi." Mtu aliyechoka hajihukumu vyema. Naye akisimamishwa Dutwa siku ya pili, asione aibu kulala kwa ndugu zake na kurudi kazini akiwa mzima. Barabara ya Bariadi haihami, mwakani ataikuta.